Chokoleti ya Mkono wa Albert

Perugia, 3 Novemba 2004

Yaya Dative, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Gustave, na kwa malkia Sagesse, ambaye nasikia ukimwita kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiingereza. Mpige kikofi kidogo mgongoni, umwambie kimetoka kwa mjomba. Mimi mzima. Baridi imeanza, masomo ni magumu, na mapadri walionileta huku Italia bado wananivumilia. Nimeongezeka kilo tatu. Sababu yake ndiyo nataka kukueleza.

Mji huu uko juu ya mlima, mawe matupu, wa kale sana, na kila Oktoba barabara yake kuu wanaijaza chokoleti. Sikudanganyi, yaya. Siku tisa mfululizo. Watu wanapandishwa na ngazi za umeme zinazopita ndani ya ngome ya zamani, wakitokea juu wanakuta mahema meupe tu: chokoleti ya maziwa, ya pilipili, hata ya chumvi. Nilipata kibarua cha kubeba makatoni. Kuna mahali wachongaji wanapewa bonge moja la chokoleti, refu kukupita wewe, wanalichonga kwa patasi mpaka litoke farasi au malaika, na mapande yanayoanguka yanagawiwa watu bure. Kwetu Uvira tungesema hawa wanachezea chakula.

Sasa nisikilize. Anayeokota hayo mapande na kuyagawa ni mtu mweusi, mtu mzima, amevaa aproni na glavu. Anaitwa Albert. Siku ya tatu simu yake ililia, akaipokea kwa Kiswahili cha kwetu, cha Uvira kabisa! Nilifurahi nikataka kumrukia. Halafu akamwambia aliyempigia: "Ngoja kwanza, bageni bako inje."

Yaya, niliangusha katoni.

Wewe unajua kwa nini. Mwaka wa tisini na sita, Jumapili ile walipoleta pombe ya uchumba wako wa kwanza, ule uliovunjika, mimi nilikuwa na surua, nimelazwa nyuma ya pazia. Sikuona mtu. Lakini nilimsikia mshenga wao akimwambia Baba kwamba kuna wageni nje wanamngoja: "Mwalimu, simama, bageni bako inje." Baba akatoka, na hatukumwona tena. Ni sauti ileile. Wewe ndiye uliyemmiminia mshenga pombe, ulimtazama usoni. Aliitwa nani? Nijibu upesi, na nijibu kwa barua, kwa sababu kadi ya simu hukatika pale mtu anapoanza kusema.

Mdogo wako,
Néhémie


Birmingham, 9 Januari 2005

Mdogo wangu Néhémie,

Heri ya mwaka mpya. Usininunie kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa juu ya friji mpaka Krismasi ikapita, nyumba ilijaa wageni, na Gustave alishikwa na mgongo akawa anatembea kama mzee wa miaka tisini. Sasa amepona, amerudi kazini. Sagesse ameingia shule, ana rafiki mmoja wa Kisomali hapo barabarani, Barwako, na wote wawili wanasema Kiingereza cha hapa Hodge Hill ambacho hata mwalimu wao, nadhani, hakielewi vizuri.

Mimi bado niko kwenye kufua mashuka ya hospitali, Edgbaston. Niko pamoja na mama mmoja Mhindi wa Kampala, Raksha, mcheshi sana. Juzi aliniambia: "Wewe Dative, shuka moja nakunja nusu saa, hii iko shuka ama iko bendera?" Nilicheka. Nilikuwa nimesimama tu, sijui nilikuwa nawaza nini.

Huo mji wako wa chokoleti ni mzuri. Huku nako kipo kiwanda. Jumapili tukienda kusali kwa ndugu zetu wa Northfield, upepo ukiwa upande wake harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Sagesse anapiga makofi. Mimi hufunga dirisha.

Kuhusu yule mshenga: jina lake silikumbuki. Nilikuwa jikoni. Siku ile kulikuwa na watu wengi, na kila mtu wa Uvira anasema bageni bako inje, hata mimi nasema. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, una homa. Mwache mzee wa watu agawe chokoleti yake. Soma, umalize, utufutie aibu ya kukosa msomi tangu Baba.

Yaya wako,
Dative


Perugia, 20 Januari 2005

Yaya,

Nimefurahi shemeji amepona. Wasalimu wote.

Ulikuwa jikoni? Jikoni kwetu kulikuwa nje, ng'ambo ya ua, na mshenga alikunywa sebuleni. Nilikusikia ukimkaribisha. Ulimwambia, "Karibu, baba," na sauti yako ilikuwa na furaha, naikumbuka kwa sababu sikuisikia tena hivyo. Kwa nini unaniandikia kama mtu anayeandikia polisi?

Nimezoeana na Albert. Tamasha likiisha anafanya usafi kwenye shule moja, anaishi peke yake, hana mke wala mtoto. Anasema alikuwa mchuuzi wa samaki, alitoka Uvira mwaka wa tisini na saba. Ya kabla ya hapo hayasemi. Jina langu kamili sijamwambia, wala kwamba mimi ni mtoto wa nani. Mara tatu amenikaribisha mezani, na mara tatu nimesema nimeshiba. Mara ya tatu tumbo langu lilinguruma mpaka akasikia.

Sihitaji kukukumbusha alichotufundisha Babu. Kwa mwenye damu ya kwenu mkononi hupokei hata maji. Ukishakula chakula chake, kesi imekwisha, mkono wako haunyanyuki tena juu yake, na ukiunyanyua utakufa wewe. Ndiyo maana sili. Nataka kubaki na mkono wangu.

Nikimuuliza mwenyewe atatoroka. Njoo Oktoba kwenye tamasha. Mlete Sagesse, useme unamleta mtoto kuona chokoleti, hakuna atakayeshangaa. Utamtazama mara moja, utaniambia ndiye au siye. Neno moja tu.

Néhémie


Birmingham, 14 Mei 2005

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Sagesse amepoteza jino, amelia, kisha tukaliweka jino chini ya mto kwa desturi ya huku, asubuhi akakuta shilingi zao, akacheka. Gustave amenunua mashine ya kukata majani kwa ajili ya ua ambao hauna ukubwa wa mkeka. Raksha amekuwa bibi, mjukuu wa kiume, alituletea ladu kazini tukala mpaka msimamizi akatukasirikia.

Mambo ya viza si mepesi. Kwa hiki kitabu cha safari cha wakimbizi wanataka barua, kisha barua ya kuthibitisha barua. Nimejaza fomu mara moja, ikarudi. Usinihesabie Oktoba.

Na nikija? Nikisema ndiye, wewe utafanya nini? Hilo hukuliandika, na mimi nimeisoma barua yako mara nyingi nikilitafuta. Wewe ndiye uliyebaki. Mama ameshalala, Baba hana hata kaburi, mimi nimekuwa mtu wa kukunja mashuka. Mtoto wa Mwalimu akifungwa Italia, nitamwambia nani? Kwanza Baba mwenyewe hakupaswa kuwapo nyumbani siku ile.

Nimechoka, nitaandika tena. Sagesse alisikia neno chokoleti kwenye simu yako ya Pasaka na hajaliacha mpaka leo.

Dative


Perugia, 2 Septemba 2005

Yaya,

Salamu kwa wote. Nimefaulu mitihani yote isipokuwa hesabu.

Umesema kweli. Hakupaswa kuwapo. Alikuwa amejificha Bujumbura miezi minne kwa sababu alikataa kuwaandikia wenye bunduki majina ya walimu wenzake. Alivuka Jumamosi kimya kimya kwa ajili ya pombe yako, na Jumapili saa saba mchana walikuwa wameshajua. Mtu aliwaambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Hilo ndilo ninaloamka nalo, yaya: mshenga alijuaje? Tuliambiwa sote tuseme Baba Mdogo ndiye atakayepokea. Hata mimi, mgonjwa, niliapishwa.

Unauliza nitafanya nini. Najua Albert anatoka kazini saa ngapi. Najua ngazi za nyumba yake, ngazi sabini na mbili za mawe. Ukisema ndiye, wewe na mtoto mtapanda treni siku hiyohiyo. Yanayobaki ni yangu.

Shemeji ameniambia kwenye simu kwamba viza ilitoka Julai. Wewe hukuniambia.

Néhémie


Birmingham, 30 Oktoba 2005

Mdogo wangu mpenzi,

Tumefika salama, tunakushukuru kwa mapokezi. Ndege ilichelewa, Gustave alitungoja akalala kwenye kiti. Sagesse amerudi na mfuko wa makaratasi ya chokoleti, makaratasi matupu, ameyapanga dirishani kwa rangi na hakuna ruhusa ya kuyagusa. Shuleni amesema mjomba wake anaishi ndani ya mji wa chokoleti, na mwalimu amenitaka nithibitishe.

Ni kweli nilifurahi. Zile ngazi za umeme, mtoto anashangilia kila tunapoingia gizani na kutoka. Ule umati, mabibi wenye makoti mazuri na midomo iliyochafuka kama watoto. Umekua, Néhémie. Una mabega ya Baba. Siku zote tatu ulipika wewe, hukuniacha nishike hata mwiko, nikaona haya mbele ya mtoto.

Sasa neno lako. Uliponionyesha yule mzee kwenye lile bonge lililokuwa linachongwa simba, nilimtazama toka kichwani mpaka kwenye viatu. Siye. Mshenga wetu alikuwa mfupi kuliko huyu, na paji lake lilikuwa pana. Nakuandikia hapa ili uwe nayo kwa maandishi: siye. Na wewe mwenyewe uliona. Alichukua kipande akampa Sagesse, mtoto akala, nami nimesimama pale pale. Ningekuwa mama gani?

Basi iishe. Mwombe Mungu akupe usingizi, uoe.

Yaya wako,
Dative


Perugia, 8 Novemba 2005

Yaya wangu,

Salamu zangu leo ni za mtu mwepesi. Msalimu shemeji, na umwambie mwalimu wa Sagesse kwamba ni kweli kabisa, naishi ndani ya chokoleti.

Uliposema siye, pale barabarani, sikukuamini. Nakuomba radhi. Niliona ulikuwa unatazama haraka mno. Lakini nilipoona mkono wa Sagesse unakwenda mdomoni, nawe hukuupiga, nilikuamini. Mtu anaweza kusema uongo kwa mdomo wake. Hakuna mama wa kwetu atakayesema uongo kwa mdomo wa mtoto wake. Nilikuwa na kisu ndani ya koti siku zote tatu, yaya. Kisu cha kukatia nyama. Sasa naweza kukuambia kwa sababu nimekirudisha jikoni.

Juzi Jumapili nilikwenda kwa Albert kumwomba msamaha ambao yeye hajui wa nini. Alikuwa amepata muhogo na ndagala kutoka kwa mtu wa Roma. Akanikaribisha, nikakaa, nikanawa, nikala. Nilikula kwa miezi yote niliyosema nimeshiba. Yaya, yule mzee alilia. Machozi yanaanguka kwenye sahani, anaendelea kunisogezea samaki. Nilidhani ni upweke. Akaniambia, "Sasa uko mutoto yangu. Kila Yenga ukuye." Nami nimekubali kwenda kila Jumapili.

Nimelala usingizi usiku wote. Asante.

Néhémie


Birmingham, 22 Januari 2006

Néhémie,

Nimeanza barua hii mara nne tangu Novemba. Mzima ni Gustave peke yake.

Sagesse hali chakula. Anatapika tangu wiki ile barua yako ya furaha ilipofika. Wamempima damu, wamempima tumbo, wamempiga picha, hawaoni kitu. Amebaki macho na magoti. Nikimwita kwa Kiswahili sasa anaitikia kwa Kiswahili, taratibu, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Raksha alikuja kumtazama, akaniambia: "Sikia mimi, mama yangu. Hii mtoto hapana gonjwa. Yeye naona wewe hapana kula, basi yeye pia nakataa." Labda. Lakini Bibi alikuwa akisema mtoto akilishwa kwa mkono wenye damu ya kwao, tumbo lake litawauliza wakubwa. Mimi naulizwa kila asubuhi.

Ndiye.

Nilimjua kabla hujaninyooshea kidole. Jina lake lilikuwa Albert hata wakati ule; wewe ulikuwa ukimsikia tu akiitwa Baba Mshenga. Naye alinijua. Alipoinama na kile kipande alinitazama akaninong'oneza, "Dative, minakuomba." Nilijua anachoomba, na nilijua wewe uko nyuma yangu, na mkono wako mmoja hautoki kwenye koti. Sagesse akaniuliza, "Mum, can I?" Nikamwambia kula.

Ningependa kukuambia nilifanya hivyo ili usifungwe. Ni kweli, lakini ni nusu. Niliogopa kwamba ukimbana Albert atakuambia alijuaje. Mimi ndiye niliyemwambia.

Baba Mdogo alikuwa ameshakubali kupokea pombe. Kila mtu aliridhika isipokuwa mimi. Nilituma neno Bujumbura kwamba mimi si yatima, kwamba nikiolewa bila Baba kuionja pombe yangu nitakuwa mwanamke wa kuokotwa. Nililia mpaka akakubali kuvuka. Halafu, wiki ile, Albert alipita kwetu kuuliza nani atapokea, akasema kwa utani tu, "Ama muko na baba wa kuazima?" Nilichomwa, Néhémie. Nilikuwa na miaka ishirini na kiburi cha mtoto wa Mwalimu. Nikamjibu, "Baba yangu mwenyewe. Anavuka Jumamosi." Basi. Maneno matano. Sijawahi kuyasema tena mpaka hapa.

Asubuhi ya mwisho, ulipokuwa darasani, nilirudi kwenye bonge lile nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Balishika bibi yangu. Nikasema, ili bamwachie. Bakamuua vilevile." Ni mke wake aliyemsema; kisha akaendelea kugawa. Namwamini. Sijui kama kumwamini kunasaidia kitu.

Nilidhani nikikudanganya utamwacha. Sikufikiri utakula kwake. Naapa kwa mtoto huyu aliyelala hapa, hilo sikulifikiri. Nilikutoa kwenye kisu nikakuketisha kwenye sahani ya mtu aliyemtoa Baba nje.

Nitukane, lakini andika. Ukitaka kuja, mlango uko wazi, nitakupikia sombe, majani ya muhogo ya kwetu, tule tukitazamana, tulie pamoja. Nakuomba.

Dative


Perugia, 3 Februari 2006

Dative,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma mara moja.

Nilikwenda kwa Albert. Alifungua mlango, akaona uso wangu, akakaa chini kabla sijasema. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Mwalimu. Akasema alijua tangu siku uliposimama mbele yake, kwamba nina mabega ya Baba. Hakukataa neno hata moja. Nilisimama mpaka chai yake ikapoa, kisha nikateremka ngazi zote sabini na mbili. Nimekula kwake Jumapili kumi na tatu. Mkono wangu umefungwa juu ya mtu huyo mpaka nitakapokufa. Wewe ndiye uliyeufunga.

Naja Birmingham. Nafika Jumamosi tarehe 18. Nitalala kwa ndugu wa Northfield, nimeshawaandikia. Jumapili saa sita mchana, Gustave akiwa kanisani, nitakuja kwako. Sagesse mpeleke kwa Raksha.

Tangu Baba Mdogo aliponichukua mwaka ule, sijala chakula cha mkono wako, na mkono wangu juu yako haujafungwa. Usinipikie.

Néhémie